Makaa tumeyakataa, na dizeli ya Faza je?

Ukitaja stima Lamu, mazungumzo yote yanakimbilia Kwasasi. Sawa, ni haki yetu. Kule ndiko mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ungejengwa, hadi Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilipofuta leseni yake kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wengi wanakumbuka hofu ya moshi na samaki. Mimi nakumbuka hesabu. Mwaka ule Kenya nzima, saa za jioni kila mtu amewasha taa na TV, ilikuwa haifiki megawati 2,000. Na mkataba ulitaka mtambo ulipwe kwa kuwa tayari tu, miaka 25, uzalishe usizalishe. Yaani unalipia boti kila siku na imefungwa jeti!

Haya, tukashinda. Sasa twende Faza, kisiwani Pate. Gridi ya taifa, ambayo umeme wake mwingi ni wa mvuke wa ardhini, maji na upepo, imefika mji wa Amu. Faza haikufika. Kule ni jenereta za dizeli, na dizeli yenyewe lazima ivushwe bahari kwanza. Jenereta nzuri kabisa hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta kama joto, hata kabla hujawasha friji.

Anayelipa ni nani? Wewe. Ukinunua tokeni, hata ukiwa Kisumu, kuna hela inakatwa ya gharama ya mafuta, na dizeli ya vituo kama Faza imo humo. Mteja wa Faza halipi bei yake yote peke yake, na sioni ubaya hapo. Mvuvi wa Pate anahitaji barafu kama mvuvi mwingine yeyote. Ubaya ni kuendelea kuchanga kila mwezi kwa kitu kinachochomeka, ilhali jua la Pate halina bili.

Najua, paneli na betri ni ghali mwanzoni, na betri huchoka. Kwa hivyo jenereta zibaki za akiba, usiku na siku za mawingu mazito. Lakini kabla ya mradi mwingine mkubwa kuletwa hapa, Kenya Power watuwekee wazi mambo mawili ya Faza: lita ngapi zinachomwa kwa mwezi, na uniti ngapi zinatoka. Kugawanya tutagawanya wenyewe, simu tunazo.