Habari ya Shamba Imfikie Kila Mwanachama



Katika koperative zetu za kando ya Tanganyika, kuanzia Makobola mpaka Baraka, habari inapita njia mbili: karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa depo, na maneno yanayosemwa haraka mkutanoni. Asiyeona hasomi karatasi. Asiyesikia hapati maneno. Asiyetembea hafiki mkutanoni. Kisha mbegu zinagawanywa, na tunasema: "Hakuja kujiandikisha." Sisi tunaona hiyo siyo haki. Yeye ni mwanachama, alilipa mchango kama wengine.

Wengine wanajibu: "Ana ndugu zake, watamwambia." Ndugu wazuri wako. Lakini ndugu anakumbuka kwanza yale yanayomfaa yeye. Atapokea mbegu kwa jina la mwingine, atajua bei ya muhogo sokoni, na mwenye shamba atabaki kuomba. Habari ikipita kwa mtu mmoja tu, mali nayo itapita kwake.

Tena kuna habari ambayo isipofika inazaa ulemavu. Konzo ni mfano. Ugonjwa huu ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, magharibi ya nchi yetu. Muhogo mchungu una sumu. Ukilowekwa siku moja badala ya tatu, juu ya njaa au haraka ya soko, na watu wakiula kila siku bila maharage wala samaki, miguu yote miwili inaweza kukakamaa kwa ghafla, na dawa ya kuiponyesha hakuna. Wanaopatwa zaidi ni akina mama na watoto. Mama asiyesikia redio atajuaje? Lazima aonyeshwe: muhogo ndani ya maji, vidole vitatu, siku tatu.

Wengine wanasema pesa hakuna. Pesa gani? Karatasi ya mlangoni isomwe kwa sauti, irekodiwe kwenye simu, itumwe. Asiyesikia aonyeshwe kwa mikono shambani, na mtu aliyezoea ishara zake akae karibu naye mkutanoni. Asiyeona apewe jani la muhogo alishike: lenye mozaiki ni dogo na limejikunja, vidole vinalitambua. Mkutano ufanyike karibu na balabala, pahali baiskeli ya mikono inaweza kufika.

Hii siyo huruma. Vita vilivyopita kwetu viliacha makaburi, na viliacha pia watu wenye majeraha ya maisha. Mwaka 2015 nchi yetu ilikubali Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka Sheria namba 22/003 ya kulinda haki hizo. Lakini sheria iliandikwa Kinshasa, kwa Kifaransa. Kuifikisha Makobola kwa Kiswahili na Kibembe, kwa sauti na kwa mikono, ni kazi yetu.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative, kwenye mkutano mkuu unaokuja, iongeze mstari mmoja katika kanuni zake: mbegu zisigawanywe kabla ya komite kusoma orodha yote ya wanachama na kuuliza, jina kwa jina, nani hajapata habari. Na kama yuko mmoja, mtu atumwe kwake kwanza. Mbegu zitangoja.