Vaa Jaketi Kabla ya Kupanda Mashua

Msomaji wa Kisii na Nyamira, likizo ya Desemba huenda ukashuka Pwani na jamaa zako, mkodi mashua Shimoni hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, mkatazame samaki na matumbawe kwa miwani na mrija. Ni burudani safi. Lakini wengi wetu tumelelewa milimani, na kuvuka mto Gucha si kujua kuogelea. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Wengi huogopa papa. Kinachonitia hofu mimi ni jaketi la kuokoa maisha kugeuzwa mto wa kukalia. Feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994, watu 272 walifariki karibu kabisa na gati. Anayezama mara nyingi hapigi mayowe. Hana pumzi ya kuita.

Basi vaa jaketi kabla ya kupanda, na usilivue majini: matumbawe huonekana ukiwa unaelea. Pombe ingoje jioni. Mwenye kifafa, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya safari. Nahodha asiye na jaketi za kuwatosha wote, hata watoto, mnyime pesa zako.