Mwalimu wa informatiki anayetaka kurudi ubaoni

Likasi ina walimu wengi wa zamani. Kati yao kuna waliofundisha vijana kuandika programu za kompyuta, kisha wakaweka chaki chini. Huyu alienda kwenye kampuni ya madini, yule akafungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, mwingine akashika njia ya Kasumbalesa kufanya biashara. Hawakuchoshwa na watoto. Walichoshwa na mwisho wa mwezi. Leo baadhi yao wanatamani kurudi darasani, na sisi tunaona shule zetu ziwapokee, kisha ziwalipe.

Wako watakaouliza: mtu aliyekaa miaka kumi bila kufundisha, atafundisha nini? Kompyuta zinabadilika kila siku. Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kusema tu kwamba wazee wanastahili heshima.

Tuchukue Python, lugha ya programu inayofundishwa sana sasa duniani. Toleo lake la pili liliachwa rasmi Januari 2020. Mwalimu aliyelizoea toleo hilo akiandika amri ya kuonyesha neno kwenye skrini bila mabano, kama zamani, mashine ya leo itakataa palepale. Hilo si tatizo kubwa, maana mashine yenyewe imemwonyesha pa kurekebisha. Hatari iko kwingine. Katika toleo lile, 7 ukigawanya kwa 2 ulipata 3. Leo unapata 3.5. Mashine haionyi, haipigi kelele, inatoa tu jibu lingine. Programu ya kugawa mifuko ya unga kati ya familia mbili itaanza kutoa nusu mfuko, na asiyejua sababu atatafuta kosa usiku kucha.

Lakini walimu wa rika hilo, wengi walianza na Pascal, lugha ambayo Mswisi Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970. Ndani ya Pascal kulikuwa tayari na njia mbili za kugawanya: neno div kwa jibu la namba nzima, na mkwaju kwa jibu lenye desimali. Python ya leo ina njia hizo hizo mbili, mkwaju mmoja na mikwaju miwili. Aliyewahi kueleza tofauti hiyo mbele ya darasa la watoto hamsini hahitaji kurudi chuoni miaka mitatu. Anahitaji wiki chache za kujizoeza, mashine inayowaka, na kijana wa kumuuliza bila haya. Masharti, mizunguko na majedwali ni yale yale.

Tena ana kitu ambacho walimu wapya wengi hawakukipata. Kwa kukosa umeme na mashine, alifundisha ubaoni: mwanafunzi anafuata programu mstari kwa mstari, na kando anaandika kwa chaki jinsi kila namba inavyobadilika. Tuliiona njia hiyo kuwa ya umaskini. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mwanafunzi mwenye simu anaweza kuleta programu nzima ambayo haielewi hata kidogo. Mwalimu atakayemwita mbele na kumwambia aonyeshe mstari wa tano unafanya nini ndiye atakayejua nani amesoma. (Umeme ungali unakatika, ingawa bwawa la Mwadingusha, kwenye mto wetu wa Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Hayo tutayasema siku nyingine.)

Sasa tufike kwenye pesa. Mwalimu anayeingia upya huhesabiwa kuwa N.U., na kungojea kuandikwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali kunaweza kuchukua miaka. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule za msingi. Kwenye sekondari, mzazi ndiye anayebeba mzigo wa mwalimu huyo. Nani ataacha kazi yake kwenye kampuni kwa masharti hayo? Ndiyo maana tunasema asilazimishwe kuiacha. Afundishe jioni mbili kwa wiki, au Jumamosi asubuhi, alipwe kwa saa.

Mji huu unajua ujuzi unavyopotea. Mwaka 2003 Gécamines iliachia wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mafundi wa hapa Likasi walikuwa kati yao. Wengi waliondoka bila kuachia kijana yeyote walichokijua, na hakuna aliyekwenda kugonga mlango wao kuwaomba wafundishe. Leo viwanda vinaendeshwa kwa programu, na vijana wetu wa Kikula na Panda wanangojea nje ya lango wapewe kazi ya kufagia.

Pesa ya kuanzia ipo kwenye sheria. Sheria ya madini ya 2018 inadai kila kampuni inayochimba itoe 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii, na 15% ya ushuru wa madini iende kwa miji, komini na sekta ambako uchimbaji unafanyika. Tunamwomba meya, pamoja na wanaosimamia fedha hizo, waweke chumba kimoja katika kila komini, zote nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kompyuta ishirini zilizotumika, mabamba ya jua, na saa za walimu. Chumba kama hicho hakifikii bei ya jeep moja mpya.

Kabla vyumba havijapatikana, prefe wa shule anaweza kuanza na simu za Android. Programu ya kuandikia Python ikishawekwa mara moja inafanya kazi bila intaneti. Masomo yanaanza tena Septemba, na majina ya walimu hao wa zamani kila prefe wa mji huu anayajua.