Kabla kijana hajaweka taa za bluu kwenye dashibodi

Mzazi mwenzangu, kama nyumbani una kijana wa sekondari na gari linalomkaribia umri, huenda ombi limeshakufikia: "Baba, tubadilishe taa za dashibodi, tuweke za bluu." Mimi nasema mkubalie. Balbu ndogo za LED zimejaa maduka ya vipuri, kazi yenyewe ni ya Jumamosi moja, na kijana atajifunza mengi kwa bisibisi kuliko kwa simu. Ila kaa naye, kwa sababu si kila taa iliyo mbele ya dereva ni ya urembo.

Zimeni gari, kisha mfungue waya wa hasi wa betri. Vitabu vya Toyota vinataka usubiri angalau sekunde 90, maana mfumo wa mifuko ya hewa, yaani eabegi, hubaki na umeme hata betri ikishafunguliwa. Mimi ningekunywa chai kwanza. (Na kama redio yenu ni ile ya Kijapani inayodai namba ya siri betri ikifunguliwa, tafuteni namba hiyo mapema.)

Kwenye magari mengi ya zamani kidogo, balbu hukaa nyuma ya mita ndani ya vishikio vya plastiki vinavyotoka ukivizungusha robo. LED ina upande wa chanya na wa hasi, kwa hiyo ikigoma kuwaka msiitupe, igeuzeni. Kuhusu rangi, bluu kali inapendeza kwenye picha lakini huchosha macho safari ya usiku. Nyeupe tulivu inasomeka vizuri zaidi.

Badilisheni zile zinazomulika mita tu, za tahadhari ziacheni. Taa ya betri, kwa mfano, kwenye magari mengi ya zamani haionyeshi tu. Umeme unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha alteneta ianze kuchaji. LED hupitisha umeme kidogo mno, na alteneta inaweza isiamke. Kijana atafurahia rangi, wewe utabaki na gari lisilowaka alfajiri, watoto wamesimama na mabegi.

Taa inayonitia wasiwasi zaidi ni ya eabegi, ile yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake. Ukifungua swichi inatakiwa kuwaka sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na mifuko huenda isifunguke siku ya ajali. Isipowaka kabisa, shtuka zaidi: huenda kuna aliyeng'oa balbu ili gari liuzike. Iangalieni kabla ya kazi na baada ya kazi. Plagi na waya za njano chini ya usukani na chini ya viti kwa kawaida ni za mfumo huo, msizikate wala kuzipima kwa tochi ya umeme.

Sasa tuje kwenye viti. Kabla ya kununua kava, tazama ubavuni mwa egemeo la kiti cha mbele. Ukiona kibandiko kimeandikwa SRS Airbag, kuna mfuko humo ndani, na kava lililoshonwa likabana pande zote litauzuia kutoka. Tafuta lililoachwa wazi ubavuni.

Boksi la tishu, chupa ya marashi na mapambo ya gundi vinavyokaa juu ya dashibodi upande wa abiria, viondoeni. Mfuko wa hewa hufunguka haraka kuliko kupepesa jicho, na kilichokaa juu ya kifuniko chake hurushwa usoni mwa aliyekaa hapo. Wengi wetu hapo ndipo tunapompakata mtoto. Mtoto akae nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Zulia jipya lisiwekwe juu ya la zamani upande wa dereva, litasogea hadi kwenye pedali.

Na kama kijana anataka kubadilisha mita nzima kwa iliyotumika, jueni inaweza kuja na kilomita za gari lingine. Pigeni picha mita ya zamani, andikeni kilomita na tarehe kwenye daftari la gari, kisha hesabuni oili kuanzia hapo. Siku ya kuuza, mwonyesheni mnunuzi daftari hilo.