Kilo 10 kwa wiki mbili ni bao la mkono

Jumamosi kwenye bonanza la maveterani, mara nyingi kitambi ndicho kinaufikia mpira kwanza. Watani wanacheka, mwenyewe naye anacheka. Jumatatu anatafuta dawa. Anaambiwa ipo chai, vipo vidonge, upo na mkanda wa kuvaa tumboni. Kilo 10 ndani ya wiki mbili, uhakika!

Hapo ndipo jamaa anapofungwa kizembe.

Mwili haupungui fasta hivyo ukabaki salama. Kasi inayokubalika ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki. Chai za kuharisha na kukimbia umevaa nailoni kunatoa maji, siyo mafuta. Ukinywa maji, kilo zinarudi. Vidonge ndiyo balaa zaidi. Dawa ya sibutramine iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, lakini imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kwa jina la mitishamba.

Programu ya maana ikoje? Scotland wana jibu, tena limetoka uwanjani. Makocha wa klabu 13 za kulipwa waliwachukua mashabiki wanaume wanene, wa miaka 35 hadi 65, wakakutana nao kila wiki kwa wiki 12 kwenye uwanja wa timu yao. Walianza kwa kutembea, wakihesabu hatua, wakaongeza kidogo kidogo. Walifundishwa kupunguza chakula na pombe, siyo kushinda njaa. Utafiti wa wanaume 747, uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2014, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliopitia programu hiyo walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya waliokuwa bado wanasubiri zamu yao.

Kilo 5 kwa mwaka! Muuza chai atacheka. Lakini huyo hajawahi kumpima mteja wake baada ya mwaka.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia jimu, klabu ya joging au 'kocha' wa WhatsApp, shabiki aulize. Nani anafundisha, na amesomea wapi? Mbona hajauliza kuhusu presha, sukari na dawa anazotumia mtu? Chakula ni kile cha nyumbani, au unga wa kununua kwake kila mwezi? Na wiki ya 13 itakuwaje? Akikwepa hata swali moja, mpe kadi nyekundu. Mwenye presha, sukari au maumivu ya kifua apite kwanza kituo cha afya.

Simba na Yanga zina matawi kila kona, na kuyakusanya kwa ajili ya mechi zinaweza. Kocha mmoja, mzani mmoja na saa moja na nusu kwa wiki vinatosha kuanza. Timu inamhitaji shabiki wake jukwaani, siyo wodini.