Neno la Mwalimu: Barua Iliyolala Kwenye Droo



Mwaka huu nataka kusema juu ya droo moja ya jikoni, hapa hapa Kista. Humo mpwa wangu alitia barua ya kumnyima fidia ya kuumia kazini. Amesafisha maofisi miaka 11, na bega lake la kulia sasa halinyanyuki hata kuchana nywele. Alipoona amekataliwa alifunga barua, akafunga na mdomo. Nilipata habari baada ya miezi 3, kwa mama yake.

"Mjomba," aliniambia, "wakubwa wameshasema hapana. Mimi nani hata niwajibu?"

Niligeuza ukurasa wa pili. Njia ya kuwajibu ilikuwa imeandikwa pale, na muda wake miezi 2. Ulikwisha pita.

Basi tujue sote. Aliyenyimwa na Försäkringskassan aweza kuomba uamuzi uangaliwe upya; neno la kulitafuta katika barua ni omprövning. Ombi liwe limewafikia ndani ya miezi 2 tangu uipate barua. Kulitia posta siku ya mwisho hakutoshi. Wakikataa tena, una miezi 2 mingine ya kukata rufaa mahakamani, förvaltningsrätten. Rufaa huipeleka kwanza Försäkringskassan, nao huifikisha mahakamani. Hatua zote mbili hazina ada.

Kisha soma sababu ya kukataliwa, uijibu hiyo hiyo. Ili ulipwe fidia ya mapato, sababu za kuonyesha kwamba kazi ndiyo iliyokuumiza ziwe na uzito kuliko za kupinga. Tena uwezo wako wa kuchuma uwe umepungua kwa sehemu 1 katika 15 au zaidi, kwa muda usiopungua mwaka. Cheti cha mpwa wangu kilisema bega linauma, basi. Hakikutaja ndoo, ngazi, wala miaka. Daktari hayaoni hayo. Ni sisi wa kumweleza.

Tulisoma chuoni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandikiana deni. Na wahenga wakasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Weka stakabadhi za mshahara, tarehe uliyoumia, na majina ya walioona. Omba nakala ya jalada lako, ni haki yako. Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi akaombe msaada huko mapema. Na penye mkataba wa pamoja kazini, peleka dai jingine AFA Försäkring, maana hilo ni bima ya peke yake.

Tumelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na adabu hiyo ni njema. Lakini kujibu barua iliyokwambia waweza kujibu si utovu wa adabu.

Mpwa wangu sasa anatafuta cheti kamili, na tunamwuliza mwanasheria wa chama kama kuna mlango uliosalia. Nanyi, kila Jumamosi baada ya alasiri, kwangu hodi haina haja. Njooni na barua, hata isiyofunguliwa. Chai ipo, na miwani yangu ipo.

Wassalaam.