Tukikagua Malengo, Tukague na Starehe Zetu

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mipango si matumizi, nami naongeza kwamba karatasi si kitendo. Kila Januari, ndugu msomaji, kabla vumbi la likizo halijatutoka viatuni, sisi hupewa karatasi tuandike malengo ya mwaka. Kila mmoja hushika kalamu akaandika kwa mbwembwe: Hisabati B, Kemia B ya kujumlisha, Kiswahili A. Mwalimu wa darasa hutia sahihi, karatasi ikabandikwa ndani ya dawati, mambo yakaisha hapo. Ifikapo Machi karatasi hiyo imechorwa mpira, imeandikwa majina ya wachezaji, na pengine imefungiwa mandazi. Si utani huu. Chungulia madawati ya darasa lolote ujionee.

Maoni yangu ni mafupi, ijapokuwa huenda yakawakera baadhi ya wakubwa wetu. Nasema kwamba tunapokagua malengo ya mwaka, tukague pamoja nayo vitu tulivyovipenda mwaka huo: simu na redio, vitabu tulivyosoma kwa hiari yetu, mpira, muziki na sinema. Malengo huonyesha tulichosema tunakitaka. Starehe huonyesha saa zetu zilikokwenda. Anayetazama upande mmoja tu ni sawa na mwenye kioski anayehesabu mauzo bila kuhesabu matumizi, kisha ashangae mbona droo haina hata shilingi.

Warumi wa kale walikuwa na mungu wao wa milango aliyeitwa Janus. Walimchonga akiwa na nyuso mbili, mmoja ukitazama nyuma na mwingine ukitazama mbele. Mwezi wa Januari huhusishwa na jina lake. Sisi nasi huutumia uso mmoja tu, ule wa mbele. Wa nyuma tumeufunika kwa leso.

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo. Usiogope, si ile ya logi! Katika shule nyingi kinacholaumiwa kwa kushusha gredi ni mpira. Ati vijana wanapotelea kwenye vibanda vya kutazamia mechi za Uingereza. Haya, timu ya Ligi Kuu ya Uingereza hucheza mechi 38 kwa msimu mmoja. Kila mechi ni dakika 90. Jumla yake ni dakika 3,420, yaani saa 57, tukiacha zile dakika za nyongeza. Basi shabiki sugu wa Arsenal asiyekosa hata mechi moja ya ligi ametumia saa 57 hivi kwa msimu mzima.

Sasa tumgeukie yule asiyependa mpira, yule mtulivu anayesifiwa na jirani kwamba hatoki nyumbani. Yeye hukaa kwenye kochi akipekua video fupi kwa simu, saa mbili tu kila siku. Saa mbili mara siku 365 ni saa 730. Zigawe kwa 24 uone: ni zaidi ya siku 30, usiku na mchana, bila kulala wala kula. Mwezi mzima umeliwa, bwana! Na ukimwuliza alitazama nini jana, hakumbuki. Yule wa Arsenal walau atakutajia aliyefunga bao na dakika lilipofungwa.

Siwatetei wanaotoroka shule kwenda kutazama mpira, la hasha. Ninachosema ni kwamba mpira una kipenga. Refa akipuliza cha mwisho, watu wanainuka, wanapiga stori kidogo njiani, wanaenda nyumbani. Kitabu nacho kina ukurasa wa mwisho. Kipindi cha redio kina saa yake. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966. Babu zetu walikisikiliza, kikaisha, wakazima redio ili kuokoa betri, wakaenda zao wakibishana kama jambo lile ni ungwana au si ungwana. Video fupi za simuni hazina kipenga. Moja ikiisha nyingine imekwisha kuanza, na waliozitengeneza walitaka iwe hivyo hivyo. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwanafunzi si "Unapenda starehe?" Nani asiyependa? Swali ni "Starehe yako ina kipenga?"

Nyumbani kwetu simu yenye intaneti ni moja, nayo ni ya mama. Ndiyo hiyo hiyo ya M-Pesa ya biashara yake ya mboga. Mimi huipata kuanzia saa mbili hadi saa mbili unusu usiku, akiwa anakula na kupumzika. Nusu saa hiyo naitumia kutafuta maneno katika kamusi na kupakua karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, bando likiruhusu. Kisha mama ananyoosha mkono na mimi narudisha. Wenzangu wengine hunionea huruma. Mimi nashukuru, kwa maana mkono wa mama ndio kipenga changu.

Ukiniuliza teknolojia niliyoipenda kuliko zote mwaka huu, sitataja simu. Nitataja taa ya sola. Sisi wa shule ya kutwa hatuna prepu. Wa bweni wakiwa darasani chini ya taa za shule, sisi tuko nyumbani, na tokeni za stima zikiisha ndio basi, tunangoja mzee alipwe. Taa ile naianika juu ya paa asubuhi, ama ndugu yangu mdogo akinifanyia hisani anaigeuza kufuata jua, na usiku inaniangazia hadi naisha usingizini. Haipigi muziki, haina picha, haijui kitu kinachoitwa bando. Lakini nikikagua alama zangu za mwaka huu, naona mchango wa taa hiyo wazi kuliko mchango wa kifaa kingine chochote.

Tuje kwenye vitabu. Tunasoma Nguu za Jadi cha Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege kwa sababu ni vya kutahiniwa. Ni vitabu vizuri, ila tunavyovisoma ni kama daktari anayepasua maiti: maudhui huku, wahusika kule, dondoo katikati. Vitabu vya kujichagulia mtu huvisoma kwa moyo mwingine. Mwaka huu nilisoma Siku Njema cha marehemu Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996, kabla hatujazaliwa. Nilisoma pia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Humo mna kijana aitwaye Yusuf, mwenye umri wa miaka 12, anayetolewa kwao na kupelekwa kwa tajiri mfanyabiashara. Yeye anadhani ni safari tu ya kumtembelea mjomba. Kumbe ni rehani ya deni la babake.

Kitabu hicho ndicho kilichonifanya niitazame upya karatasi yangu ya malengo. Nilijiuliza: haya niliyoandika ni yangu, au mimi pia ni rehani? Wangapi kati yetu wameandika "daktari" kwa kuwa shangazi alikosa kuwa muuguzi? Wangapi wameandika B ya kujumlisha kwa sababu mwenzao wa dawati la mbele ameandika B, na haifai kupitwa? Sidharau ndoto za wazazi wetu. Wanalipa karo kwa jasho, nasi tuna wajibu. Ila lengo ambalo si lako halikuamshi alfajiri. Ukitaka kujua lengo lililo lako, tazama unachokifanya bila kusukumwa. Mwenzetu mmoja hukarabati redio za kijiji kizima bila malipo, lakini katika karatasi yake hakuna neno hata moja kuhusu umeme wala Fizikia. Lengo lake halisi limelala nje ya karatasi, likinyeshewa.

Kuna wanaoogopa kukagua kwa sababu wanajua hawakufika walikotaka. Hao nawaomba wamtazame Faith Kipyegon. Juni 26, 2025, mjini Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya. Hakufaulu. Alimaliza kwa zaidi ya dakika 4 na sekunde 6, ulimwengu mzima ukimtazama. Je, alikunja jamvi? Siku tisa baadaye, Julai 5, alikuwa Eugene, Marekani, katika mbio za mita 1,500. Huko akavunja rekodi ya dunia, yake mwenyewe, kwa dakika 3 sekunde 48.68. Lengo kubwa halikutimia, lakini juhudi zake hazikupotea. Ziliingia katika mbio nyingine. Lengo lililopimwa, hata likikosekana, humwachia mtu kitu mkononi. Lisilopimwa halimwachii chochote, hata aibu.

Nisije nikaitwa mhubiri tu, na mimi naanika yangu hapa. Januari niliandika malengo matatu. La kwanza, Hisabati itoke alama 38 ifike 50. Imefika 47. La pili, nisome riwaya nne zisizo za mtihani. Nimemaliza tatu. La tatu, nijue kuchapa kwa kompyuta. Hilo halijaanza, kwani kompyuta zetu ni chache na sisi wa kutwa tunafunga virago saa kumi na nusu. Upande wa pili nikaandika nilivyovipenda: taa ya sola, nusu saa ya simu, redio siku za Jumamosi, Peponi, na kuwashangilia Harambee Stars. Nilipoweka pande hizo mbili sambamba, niliona jambo ambalo ripoti ya shule haiwezi kuniambia. Alama tisa za Hisabati zilipatikana usiku chini ya taa, wala si darasani. Basi mwaka ujao sihitaji kuandika "nitajitahidi zaidi", maneno ambayo kila mtu huandika. Nahitaji kulinda ile saa ya taa.

Najua kuna mwalimu atakayeniambia, "Kijana, masomo kwanza, starehe baadaye." Mwalimu wangu mpendwa, nakubali kwa heshima zote. Lakini starehe haijui kungoja. Usipoifungulia mlango kwa saa yake, itapitia dirishani kwa saa isiyo yake. Ndiyo maana mwanafunzi aliyejinyima kila kitu mwezi wa pili hupatikana mwezi wa tano amejifungia na simu ya kuazima hadi usiku wa manane. Aliyejipangia mechi moja Jumamosi huwa ameridhika, na Jumapili anashika kitabu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sisi wa kidato cha tatu. Sisi ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na KCSE yetu ya 2027 ndiyo ya kufungia mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza. Kaka zetu walikuwa wakisema, "Mambo yakiharibika, nitarudia na wa nyuma." Sisi tutarudia na nani? Mwaka mmoja uliobaki ni wetu peke yetu, na saa 730 ndani yake ni nyingi mno kuzitoa sadaka.

Basi napendekeza mambo matatu. Mosi, kila mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili achukue ukurasa mmoja wa daftari, aupige mstari katikati. Kushoto aandike "Nilichokitaka", kulia "Nilichokipenda", na kando ya kila kitu atie idadi ya saa. Asimwonyeshe mtu akitaka, mradi asijidanganye. Pili, ukaguzi ufanywe kila mwisho wa muhula, mara tatu kwa mwaka. Kungoja Desemba ni kupima joto la mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. Tatu, na hili nawaomba walimu wetu kwa unyenyekevu: karatasi ya Januari iwe na nafasi ya lengo moja lisilo gredi, na maktaba ifunguliwe saa ya chakula cha mchana kwa ajili yetu wa kutwa. Mnatuambia tuache simu, nasi tuko tayari. Lakini mtu huacha kitu kwa kushika kingine, na mlango wa maktaba una kufuli.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hivyo sitaki sifa kwa makala haya. Nataka kumwona mwenzangu mmoja tu, kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, akipiga mstari katikati ya ukurasa na kuanza kuhesabu. Akikuta saa zake ziko salama, aniite nimpongeze. Akikuta zimepotea, bado ana muda wa kutafuta kipenga.